Sista Jeki Akunja Mikono

Wodi nzima ya wanaume ilimwita Sista Jeki, na hakusingiziwa. Moyo wa mtu ukisimama, muuguzi huyu hupanda kistuli, akapachika viganja katikati ya kifua na kusukuma mpaka kitanda kilie. Baadhi ya aliowarudisha waliamka wanalalamikia mbavu. Akawajibu kwamba maiti hailalamiki.

Ndiyo maana fundi magari mstaafu, ambaye moyo wake ulikuwa umechakaa, alimtafuta yeye kwanza. "Binti yangu, injini hii ikizima msiisukume. Hata mkiona mteremko." Jeki akamwita daktari. Mzee akarudia bila kucheka, akili zake timamu, na daktari akaandika. Jeki akanuna mpaka jioni. Mikono yake haikuzoea kukataliwa.

Asubuhi moja pumzi za mzee zikaanza kurukaruka. Jeki akatuma daktari aitwe. Kabla hajafika, kifua kikatulia. Mwana mkubwa, aliyetua jana kutoka ng'ambo na suti yake, alikuwa pembeni ya kitanda.

"Sukuma, sista."

"Alikataa, kaka. Daktari alikuambia jana."

"Baba alikuwa mtu wa utani."

"Hili hakutania. Nikimsukuma sasa, kisheria nimemshambulia mgonjwa wangu."

"Basi gusagusa tu. Mashangazi wanachungulia dirishani. Watasema nilimwacha afe huku natazama."

Kumbe. Jeki akamwonea huruma. Mtu yeyote mwenye busara huwaogopa mashangazi.

"Mimi nasukuma kwelikweli au sisukumi. Kwenye maigizo nilitolewa tangu shule, nilikuwa nacheka."

"Nitakushtaki."

"Ofisi ya metroni iko mwisho wa korido, mlango wa kijani. Lakini kwanza mshike baba mkono. Mashangazi niachie mimi. Nitawaambia aliyekataa ni kaka yao, si wewe."

Akakunja mikono kifuani, akaibana kwapani kwa nguvu, maana ilikuwa inawasha kwa hamu ya kazi. Mwana akakaa, akashika mkono wa baba yake, akalia bila kujali dirisha. Daktari akaingia, akasikiliza kifua, akatazama saa.

Jeki akavuta pazia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyejifanya amelala muda wote, akafumbua jicho moja.

"Sista, mimi nisukume."

"Una hakika?"

"Mpaka ubavu wa mwisho. Ukichoka, ita mwenzako."

"Daktari akitoka hapo mwambie mwenyewe, mimi nitakuwa shahidi."

Kisha akanyoosha gauni lake, akatoka kuwakabili mashangazi. Walikuwa watatu, na vinywa vilishafunguka.