Mgonjwa Aliyekwisha Kupona

Mtaa mzima ulimwita Mama Ushuhuda, na jina lenyewe hakulichagua. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko na mdomo usio na breki. Alipopata uvimbe kwenye titi, kanisa lake lilifunga siku tatu, likamwombea mpaka watu wakakaukiwa sauti. Uvimbe ukanywea. Usiniulize ulinyweaje, mimi si daktari. Akapewa kipaza sauti, akashuhudia, watu wakalia. Tangu hapo kila wakija wageni anaitwa mbele, na picha yake ikabandikwa mlangoni, kubwa kuliko ya mchungaji.

Haya, mwaka haujaisha, uvimbe ukarudi, mgumu kama kokwa.

Sasa mtu afanye nini? Hospitali ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Lakini wauguzi wawili wa pale walisali naye, na aliwaza: wakimwona kwenye foleni, imani za watu si zitavunjika? Kuombewa tena nako hakuthubutu kuomba, maana mgonjwa aliyekwisha kupona anaombewa nini? Akajikaza kisabuni miezi minane. Alishona kwapa likimwaka moto, na Jumapili akasimama, akasema amepona, makofi yakapigwa. Ujinga? Ndiyo, ujinga. Lakini hakudanganya kwa faida yake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wifi yake, ambaye kanisani alikwenda kwa harusi na misiba tu, ndiye aliyeona damu kwenye gauni. Hakumbembeleza. Alimwambia mficha maradhi kilio humuumbua, akamshika mkono wakaenda. Daktari alimpima, akauliza amekaa nao muda gani. Dawa za kutuliza maumivu zilikuwepo. Za kuponya, wakati wake ulikuwa umepita.

Jumapili iliyofuata wageni walikuwepo, na Mama Ushuhuda akapewa kipaza sauti kama kawaida.

"Uvimbe ulirudi," alisema. "Miezi minane nimewadanganya. Mungu sikumdanganya, yeye alikuwa anaona."

Mchungaji akaashiria kwaya, kwaya ikaimba kwa nguvu zote, naye akatoka na wifi yake wimbo ukiwasindikiza kama watu waliofukuzwa. Kesho yake picha ikabanduliwa. Wengine wakasema lazima ana dhambi ya siri. Kweli binadamu hana wema.

Wiki ya tatu mchungaji akafika wodini alikolazwa Mama Ushuhuda, mchana, peke yake. Wifi alitaka kumtimua, mgonjwa akakataa. Mchungaji akaanza, kwa mazoea, kuukemea ugonjwa kwa sauti ya madhabahuni. Mgonjwa akamkatiza.

"Hilo acha, baba. Sikuombi nipone. Niombee nisiogope. Miezi yote ile nilikuwa naogopa, na sikuwa na wa kumwambia."

Yule baba akaacha kukemea. Akapiga magoti kwenye sakafu iliyonuka dawa, akalia, akaomba polepole, maneno machache, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Wifi anasema mama wa watu alishusha pumzi, mabega yakalegea, akalala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu uvimbe urudi. Alipoamka aliuliza nani atamalizia magauni ya wateja wake.

Aliishi siku kumi na moja zaidi, na hakuna hata moja aliyoogopa. Ile miezi minane aliyoogopa peke yake, katikati ya watu wa Mungu, hakuna aliyeweza kumrudishia.