Kasema Anakuja

Mume wangu wa kwanza alikuwa na neno moja lililonikera kuliko matusi: nakuja. Najua, kwetu kila mtu anasema nakuja huku anaondoka. Unamwacha mgeni sebuleni, unasema nakuja, unaingia jikoni, na mgeni anaelewa kwamba utarudi sasa hivi. Lakini yeye akilisema neno hilo ungeweza kupanda maharage, ukapalilia, ukavuna, na bwana bado yuko njiani. Wala hakuwa muongo. Nimeishi na muongo baadaye, nawajua walivyo. Huyu alipokuwa anasema nakuja, moyoni alikuwa anakuja kweli. Miguu ndiyo iliyokwenda kwingine.

Alikuwa seremala, Mhehe wa Kalenga, na karakana yake ilikuwa Iringa mjini, miaka ile ya sabini tulipokuwa tunapangia sukari foleni. Mimi nilitoka milimani, juu ya Mbeya, kwa watu wa viazi na pareto, wanaokwenda kanisani wamefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Alipokubali niolewe mbali vile alisema jambo moja tu, kwamba kijana ana mikono mizuri. Alikuwa nayo, sibishi. Mbao ya mninga ikimkamata, humwiti akasikia. Hali, hanywi, anapiga randa mpaka jua linazama, na kitu kinachotoka hapo watu wanakipapasa tu.

Shida ni siku nyingine zote. Kabati la mwalimu lina mlango mmoja. Kitanda cha bwana harusi hakina upande wa miguuni, na bwana harusi mwenyewe yuko pale karakana anafoka. "Njoo kesho," mume wangu anamwambia. Sasa nani angeshtuka? Fundi gani hasemi njoo kesho? Angekuwa karani wa posta wangemwona mapema kwamba ana tatizo. Kwa fundi, kila mtu alidhani ndiyo ufundi wenyewe.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Unamtuma chumvi. Njiani anakutana na mtu, wanaanza kamwene zao, na salamu za Uheheni si za kupita, wataulizana nyumba, watoto, mpaka ng'ombe. Wakimaliza anamsindikiza yule mtu hadi kwake, anakuta banda la kuku limelala upande, anavua shati. Jioni anarudi na vumbi kichwani, amefurahi, ameshika mayai aliyopewa kwa asante.

"Chumvi iko wapi?"

"Mama yangu!" Anajipiga kipaji cha uso. "Chumvi!"

Nilikuwa na mdomo mimi, na bado ninao. "Hicho ni kichwa au umebeba boga?" Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka. Asubuhi moja, chai imemwagika mezani kwa sababu alisimama katikati ya kumimina kwenda kutazama kitasa, aliniuliza taratibu, "Mke wangu, unadhani mimi napenda?" Nilichukua kitambaa nikafuta meza.

Kilichotuvunja kilianzia stendi. Baba alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, binti yetu, wakati huo bado wa mgongoni. Alisafiri na gunia la viazi na koti lake la kanisani. Mume wangu akaenda kumpokea, na alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha juu ya gunia. "Baba, pumzika hapa, nikuitie mkokoteni. Nakuja."

Kabla hajaufikia mkokoteni akaona dereva wa basi anahangaika na kiti kilichong'oka. Basi. Akaingia ndani ya basi akatengeneza kiti, na cha jirani yake, na cha nyuma. Mvua ikanyesha. Baba akakaa juu ya gunia, mzee wa watu, mkwe, na koti la kanisani likilowa, mpaka jirani yetu mmoja akapita akauliza huyu mzee ni wa nani. Mume wangu aliporudi nyumbani alimkuta Baba mezani, amejifunika blanketi langu. Alipiga magoti palepale kizingitini. Baba alikunywa chai yake yote. Asubuhi akaniambia nifunge nguo zangu na za mtoto.

"Amenitupa stendi kama mzigo usio na mwenyewe," alisema.

Hapo ndipo mume wangu alipotoa jambo ambalo hata mimi sikulijua. Alikuwa anajikata vidole kila mara, na daktari mmoja mtu mzima wa pale hospitalini, aliyekuwa akimshona, alianza kumuuliza: kila ukijikata unakuwa unatazama nini? Wakaongea. Daktari akamwambia amewahi kuona watoto wa namna hiyo, wasioshikika na dawati, akili inaruka kabla mwili haujakaa. Kwa mtu mzima hakuwa na hakika. Alishuku tu. Lakini kulikuwa na mtaalamu wa akili aliyefika hospitali ile mara chache kwa mwaka, huyo ndiye angesema, na huenda akawa na dawa.

"Baba," mume wangu alisema, amepiga magoti tena, "daktari anashuku ni ugonjwa."

Baba alimtazama sana. Hakuwa mtu mbaya, jamani, msimchukie. "Kama ni ugonjwa," akasema, "nitakuombea na binti yangu atarudi kukuuguza. Kama ni dharau, harudi. Mtaalamu akisema, njoo Mbeya unieleze."

Ndoa yangu ikawekwa hapo, mdomoni mwa mtu tusiyemjua sura.

Nikakaa kwetu, nalima viazi, mtoto mgongoni. Mtaalamu hakuja. Mara barabara imekatika kwa mvua, mara gari lake halina mafuta, mara amepelekwa mkoa mwingine kwanza. Habari nilizipata kwa madereva wa mabasi, wale waliokuwa wakisimama Chimala kununua mchele, mume wangu aliwapa salamu, nao wakafika Mbeya wakinicheka, "Shemeji, fundi anasema anakuja." Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Nilijua wanasema nini, kwamba nimeolewa na kichaa. Mama yangu peke yake alinishika mkono jikoni akaniuliza kama bado nampenda. Nilimwambia ndiyo, kisha nikalia kwenye moshi ili aseme ni moshi.

Na nilikuwa naomba. Nilipiga magoti na waumini wenzangu, wao wanaombea wagonjwa wapone, na mimi naomba mume wangu awe mgonjwa. Mke gani anaomba hivyo?

Siku ikapatikana. Mtaalamu amefika Iringa, mume wangu ameambiwa aende. Baada ya hapo akaja Mbeya, amevaa shati jeupe, na baba yake mdogo kama mshenga wake. Kikao kikakaa sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mtoto mapajani. Binti hasemi kwenye kikao cha baba yake, anaulizwa. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka mtoto akanitazama.

Baba akasema, "Haya, mwanangu. Tueleze."

Akaeleza. Alifika hospitalini mapema, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtaalamu. Tatizo ni mlango wa kile chumba. Bawaba ya chini ilikuwa imelegea, mbao imevimba kwa mvua, na kila mgonjwa akiingia mlango unasaga sakafu na kupiga ukelele, benchi zima linashtuka. "Watu wenyewe wana hofu tayari," alisema. Akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akamwambia nesi, "Dada, nakuja," akakimbia karakana kuchukua randa na patasi na bawaba nzuri. Huko akakumbuka ana kipande cha mninga mwekundu. Akaona akikata chini palipooza na kupachika kile kipande, mlango ule utakaa miaka.

Alikuwa amesimama sasa, anatuonyesha kwa mikono jinsi kipande kilivyoingia, kikazama, kikakaa kama kiraka cha goti kwenye suruali ya shule. Uso wake ulikuwa unang'aa. Sijawahi kumwona mzuri kama siku ile.

"Niliporudi nikakuta chumba kitupu," akasema. "Nikaona bahati, ngoja nifanye kazi kabla hawajarudi kutoka kula. Baba, mlango ule sasa unausukuma kwa kidole. Haulii."

"Na mtaalamu?" Baba akauliza. "Alisemaje?"

Mkono wake ulibaki hewani. Kisha akatuambia alichokuja kuambiwa baadaye. Nesi alikuwa ameita jina lake, na mama mmoja pale kwenye benchi akamjibia: kasema anakuja. Wakamruka, wakaita mwingine, na mwingine, mpaka benchi likaisha. Mtaalamu akapanda gari akaondoka Iringa.

Leo hii nikiirudia hadithi ile najiuliza, hivi kulihitajika ushahidi gani tena? Ugonjwa wenyewe ulisimama pale sebuleni ukajieleza, na mikono juu. Lakini Baba aliona mtu aliyepewa siku moja ya kuokoa ndoa yake, naye akaenda kuranda mlango. Akainuka akatoka nje bila kuaga. Kikao kikafa.

Na mimi? Sikuulizwa, ni kweli. Ila hata ningeulizwa, siku ile ningesema kama Baba. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Nilimtazama na shati lake jeupe nikasema moyoni, mtu anayenipenda angekaa kwenye benchi. Hilo ndilo ninalolijuta mpaka kesho. Si kwamba tuliachana, watu wanaachana. Najuta kwamba niliamini hanipendi.

Wakati wa kuondoka aliinama, akashika kidole cha binti yetu. "Nakuja," akamwambia. Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Mtaalamu yule akahamishwa, na mwingine hakuletwa upesi. Mume wangu akasubiri mwaka huo, na uliofuata, kisha nadhani akachoka hata kusubiri. Mimi nikaolewa tena, na mtu aliyefika kila mahali kwa wakati na kununa kila alikofika, ndiye yule muongo niliyemtaja. Yule fundi wangu alifia Kalenga, bado si mzee, na karakana imejaa vitu nusu. Nilikwenda kuzika. Jina la ugonjwa wake lilikuwa halijatufikia.

Lilitufikia kwa binti yake. Ni mtu mzima sasa, ana watoto wakubwa, na maisha yake yote amekuwa akifukuzwa kazi ambazo alizifanya vizuri kuliko waliomfukuza. Anaunguza sufuria, anapoteza funguo, analia peke yake bafuni akidhani sisikii. Siku moja alisikia redioni wanaeleza ugonjwa wa akili inayoruka kabla mwili haujakaa, akaja kwangu mbio: "Mama, wananisema mimi." Mtu mzima naye huwa nao, kumbe. Akaandikisha miadi. Akasubiri, akaahirishiwa, akasubiri tena, na alipopata siku, akaambiwa aende Iringa. Hospitali ileile.

Nikaenda naye. Miguu yangu haitaki safari, lakini sikwenda kama mgonjwa, nilikwenda kama kigingi. Tukakaa kwenye benchi. Kuta zimepakwa rangi mpya, sakafu ni vigae. Mgonjwa mmoja akaitwa, akasukuma mlango, akaingia, ukajifunga nyuma yake. Hakuna aliyegeuka, maana hapakuwa na sauti ya kumgeuza mtu. Nikatazama chini ya ule mlango. Rangi imechubuka kwa miaka ya ndoo na mifagio, na pale ilipochubuka, kwenye kona ya bawaba, nikaona kiraka cha mninga mwekundu.

Nilitaka kumwambia binti yangu. Badala yake nikakaa tu namtazama ule mlango kama mtu, na machozi yananidondoka kwenye mkoba.

Yeye hakuona. Alikuwa anatazama dirisha la mwisho wa korido, ambalo komeo lake lilikuwa linaning'inia kwa msumari mmoja. Goti lake lilikuwa linacheza. Akainuka nusu.

"Mama, lile komeo... nakuja."

Nilimkamata kitenge kwa mikono miwili. Watu wakatugeukia. "Huendi popote," nikamwambia. "Kaa."

Akakaa, ameshangaa. Mlango ukafunguka, nesi akachungulia, akaita jina lake, na kama ilivyo kawaida yetu, la baba yake likafuata.

Sikumwacha mtu mwingine ajibu. "Tupo," nikasema. "Tumeshakuja."