Ubao Mbovu Chini ya Rangi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu unayejifunza kazi hii ya boti, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kichwa kimevimba kwa sifa. Nilikuwa fundi katika karakana ya Mzee Sefu, ufukweni karibu na bandari, na nilijiona Bujumbura nzima hakuna anayenizidi kwa faiba na rangi. Leo nikijikumbuka nacheka peke yangu.

Wiki ile tuliletewa boti kuukuu ya injini ya ndani, iliyokuwa ikipeleka watu Rumonge. Mwenyewe, mfanyabiashara wa Bwiza, alitaka Jumapili impeleke binti yake harusini pamoja na jamaa wote. Mzee akanikabidhi ubao wa nyuma, ule unaofunga boti na kushika usukani. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila kusimamiwa.

Boti za namna hiyo, ubao wake wa nyuma ni mbao zilizofunikwa kwa ganda la faiba pande zote mbili. Nje unaweza kung'aa na ndani umelowa chepechepe, kwa sababu maji huingia polepole kwenye vitundu vya skrubu ambavyo hakuna aliyeviziba. Niligonga kwa mpini wa nyundo. Juu palilia ko, ko. Chini, karibu na usukani, palijibu bu, kama godoro. Nikatoboa kidogo kwa ndani, yakachuruzika maji meusi yenye harufu ya kinamasi. Usidhani sikujua maana yake, mwanangu. Nilijua, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Lakini kufungua na kukausha ni kazi ya wiki kadhaa, na mimi nilitaka kusifiwa Jumapili. Nikaziba tundu kwa mastiki, nikaongeza faiba tabaka moja, nikamalizia na rangi ya buluu. Ilipendeza mno.

Mzee Sefu alirudi kutoka msikitini, kofia bado kichwani, akasimama nyuma ya boti bila kugusa kitu. Sasa ujue alikuwa na desturi yake: boti ikirudi ziwani, wa kwanza kupanda hutoka nyumbani kwa fundi aliyeitengeneza. Miaka yote alimpandisha mkewe, mama mcheshi aliyekaa nyuma na kikapu cha maandazi. Nilidhani safari hii pia atapanda yeye. Naam, nilikuwa tayari kumkalisha mke wa mtu juu ya ubao uliooza. Nakwambia ili unijue nilivyokuwa.

“Mama yako eko muzima?” akaniuliza.

“Eko muzima, muzee.”

“Basi dimanshi ya harusi umulete. Hii kazi ni yako, si yangu. Ye ndiye atapanda wa kwanza, aikale nyuma pale. Watu ya harusi watafwata.”

Mama yangu alilima mpunga kule Buterere, na maji aliyoyazoea yalikuwa ya kufika magotini. Hakujua kuogelea. Nilimwona amekaa pale na kitenge chake kizuri, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, anajivunia mwanawe.

“Apana, muzee. Mama asipande. Ule ubao umeoza, mi nimefunika tu.”

Nilisubiri kofi. Mzee akakaa juu ya pipa.

“Umesema boti ikingali ku muchanga,” akasema. “Ni vizuri. Leta patasi, tufungue.”

Mwenye boti alipopata habari alikuja juu, na haki yake. Nikajua jina langu limekwisha pale bandarini. Mzee akasimama mbele yangu, akamwambia yule tajiri:

“Kosa ni yangu, patron. Nilimupa kazi na sikuangalia.”

Kosa langu hakulitaja tena siku ile wala siku nyingine. Watu wa harusi walikwenda kwa magari. Sisi tulibandua faiba ya ndani, tukachokonoa mbao zilizotoka kama machicha ya kahawa, tukaacha pakauke hadi nikachoka kuulizwa na wapita njia kama boti imekufa. Ndipo tukaweka mbao mpya, tabaka kwa tabaka kwa gundi, na kila tundu la skrubu nililiziba kwa mkono wangu. Mama alipanda wa kwanza. Alilalamika njia nzima kwamba rangi inanuka, na alifariki uzeeni bila kujua chochote.

Kwa hiyo, mwanangu, siku hizi mna gundi nzuri na simu za kuwafundisha kila kitu, nami nafurahi kuona mikono yenu. Lakini ukigonga ubao ukajibu vibaya, ufungue. Usipake rangi mahali ambapo usingemkalisha mama yako, maana kila anayekaa pale ni mama au mtoto wa mtu. Na ukiwa umeshakosea, sema kabla boti haijashuka majini. Aibu ya ufukweni nimeionja, inapita. Namshukuru Mzee Sefu kila nikimaliza kusali, kwa sababu angeweza kunivunja akachagua kunitengeneza.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, akulindie mama yako, na siku utakapoteleza akukutanishe na mtu wa kukuuliza kwa upole kama nilivyoulizwa mimi. Amina.