Kiti Nilichokikana Mlangoni

Nitaanza na uongo wangu, nisije nikausahau baadaye nikijisifu. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni mwa ndege akiwa na karatasi yenye jina langu, na mimi, mzee wa kanisa, nikamwangalia usoni nikamwambia huyo si mimi.

Jina langu ninalijua kulisoma. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kwa jina langu na kwa namba huwezi kunidanganya. Nimeuza mbuzi zaidi ya miaka arobaini, kutoka Mutomo mpaka Mbumbuni. Nyumba yangu ya mawe imejengwa na mbuzi. Watoto wangu wamesomeshwa na mbuzi. Wa mwisho, msichana, alisoma mpaka nchi ikaisha, akavuka akaenda Kanada, na sasa alikuwa anamaliza udaktari.

Alinipigia simu. "Baba, kila anayehitimu anapewa viti viwili pale ukumbini. Kimoja chako, kingine cha Mama."

Mama yake alikataa hapo hapo. "Mimi nikae hewani kama mwewe? Nenda wewe. Mimi nitabaki na mbuzi."

Basi nikawa mimi. Sherehe ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kutoka Nairobi ningepanda ndege mpaka nchi ya Waarabu, nishuke, nipande ya pili, nifike Kanada Alhamisi jioni. Lakini hiyo ya pili huondoka mara moja tu kwa siku. Ukiikosa, unafika wakati watu wameshavua zile kanzu zao nyeusi wamekwenda kula. Binti yangu alinieleza hilo mara tatu, kama mtu anayemweleza mtoto habari ya moto.

Halafu akaongeza, "Na nimekuombea kiti."

"Kiti cha nini? Kwani hiyo ndege haina viti?"

"Cha magurudumu, Baba. Si ati wewe ni mgonjwa. Ni ili mtu akupeleke kwa ndege ya pili usipotee. Wazee wengi wanafanyiwa hivyo."

Nikamuuliza habari ya baridi ya huko. Yeye akadhani nimekubali.

Kiti cha magurudumu nilikijua kule hospitali ya misheni. Waliokaa juu yake nilikuwa ninaenda kuwaombea. Mimi nimetembea Mutomo mpaka Kitui mjini na mbuzi mbele yangu, wakati barabara ilikuwa jina tu. Nisukumwe na nani?

Ndiyo sababu ndege ilipotua, na nikamwona yule mama wa makamo na kiti chake na jina langu, nilimwambia kwa Kiswahili, nikijua haelewi: "Si mimi. Huyo mzee ako nyuma, ni mgonjwa sana." Akatikisa kichwa pole pole. Mimi nikapita na kiondo changu begani, kifua mbele.

Nilikuwa na mpango. Ukipeleka mbuzi mahali hawajawahi kufika, unachagua mmoja anayejua njia, unampaka rangi mgongoni, na wengine wanamfuata. Ndani ya ndege nilikuwa nimeshachagua wangu. Mwanaume mmoja mwenye kofia nyekundu, aliyekaa mbele yangu, hakuuliza mtu kitu chochote safari nzima. Huyo, nikasema, amezoea. Nikamfuata.

Na kweli alijua njia. Asi! Mahali pale ni pakubwa kuliko mji wa Matinyani wote na mashamba yake. Tukapita maduka ya dhahabu. Tukapita duka la marashi linalonukia mpaka macho yanatoka machozi. Ngazi zinatembea zenyewe, na ukisita kuweka mguu watu wanakusukuma. Tukapita ukuta unaotiririka maji mchana kutwa, na hakuna mtu hata mmoja anayekinga mtungi. Hapo nilisimama kidogo. Mtu wa Ukambani hawezi kupita maji kama hayo bila kusimama. Kisha nikakimbia kumshika kofia nyekundu, tukaingia garimoshi dogo lisilo na dereva, tukatoka, tukatembea tena, yeye akapanga laini, nami nyuma yake, nimeridhika kabisa.

Yule wa mlangoni akachukua karatasi yake, akampitisha. Akachukua yangu, akaitazama, akanirudishia, akasema no. Nikamsukumia tena. Akaonyesha kidole juu, kwenye kioo. Ndege yangu namba yake iliisha na arobaini na moja. Ile ya pale iliisha na thelathini na mbili. Na mimi ni mtu wa namba! Ningetazama juu mara moja tu ningejua. Lakini nilikuwa natazama kofia.

Kofia yenyewe ilikuwa inaingia mlangoni bila hata kugeuka.

Nilitazama saa. Ilikuwa imebaki saa moja na dakika kidogo. Vile vioo vyao vinaandika Kiingereza, vinafuta, vinaandika Kiarabu, vinafuta tena kabla sijaipata namba yangu. Nilimwonyesha mtu mmoja karatasi, akanyoosha mkono kulia. Mwingine akanyoosha kushoto. Sasa nikaona Ijumaa inaniponyoka. Nikaona msichana wangu amesimama ameitwa, na kile kiti kitupu.

Nikajiambia, wewe ni mtu wa mbuzi, tumia akili ya mbuzi. Mnyama akikupotea sokoni hukimbii huku na kule. Unarudi pale ulipomfungua kamba mara ya mwisho, unasimama hapo. Na njia ya kurudi nilikuwa nayo, maana mimi nikipita mahali mara moja sipasahau. Garimoshi. Ukuta wa maji, na safari hii sikusimama. Marashi. Dhahabu. Ule mlango.

Alikuwa pale. Amekaa mwenyewe juu ya kile kiti, jina langu mapajani, viatu amevua.

"Shikamoo, mzee," akasema. Kwa Kiswahili.

"Marahaba."

"Yule mgonjwa sana ameshafika?"

Nilishusha kiondo begani. "Amefika," nikasema.

"Basi akae, maana tumechelewa."

Nikakaa. Kiondo magotini. Akavaa viatu, na yule mama akaanza kukimbia. Mimi sijawahi kuona kitu kama hicho. Kila laini tuliyofika ilifunguka. Askari walitoa kamba. Watu wenye suti walibanwa ukutani.

"Kwa nini uliningoja?" nikamuuliza, shingo nimegeuza.

"Ndege nzima imeshuka, jina lako peke yake limebaki. Nikajua ni yule mbishi. Mimi natoka Tanga, wazee wa Kenya nawajua. Wanazunguka, halafu wanarudi."

"Na kama singerudi?"

"Ungetangazwa kwenye spika, dunia nzima isikie. Mzee, unakwenda wapi kwani?"

"Msichana yangu anafanywa daktari kesho."

"Msichana *wangu*," akasema, akikata kona. "Miguu yako mizima, mzee. Kiswahili chako ndicho kingepewa kiti."

Nilicheka mpaka askari akatutazama. Tangu nitoke nyumbani sikuwa nimecheka.

Mlango wangu ulikuwa unakaribia kufungwa. Nilitaka kumpa kitu, akasema hapana, kazini hairuhusiwi. Basi nikamwambia alete mikono. Akaelewa mara moja, akainama, akafungua viganja vyote viwili mbele ya watu. Nikamtemea mate kidogo ya baraka, vile nyanya yangu alinitemea mimi siku nilianza biashara, nikamwambia watoto wako wakushinde kwa kila jema. Mchungaji wetu hayapendi mambo hayo, lakini hakuwa pale. Yule mama akajipaka usoni. "Bibi yangu pia alikuwa hivi," akasema, na akageuza kiti akaenda kuchukua mzee mwingine.

Kule Kanada kiti kilikuwa kinaningoja tena. Nilikaa kabla sijaombwa. Binti yangu aliponiona ninasukumwa alishika mdomo. "Baba, umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nimezoea tu."

Ijumaa nilikaa ndani ya ule ukumbi, suti yangu ya kanisani, viatu vimepigwa rangi. Kiti cha mke wangu alikikalia mama mmoja wa kizungu, jirani ya binti yangu. Walisoma majina mengi. Halafu wakasoma la msichana wangu, na mwisho wake ni jina langu, lile lile lililokuwa kwenye karatasi ya yule mama wa Tanga. Safari hii nilisimama nikasema kwa sauti, "Ni mimi huyo!"

Watu wakageuka. Mama wa kizungu akaniangalia, naye akasimama, akapiga makofi.