Nyumba ya Zamu

Mtaani kwetu Tunduma, upande wa Mpemba, nyumba yetu haihitaji namba. Muulize bodaboda yeyote atakuambia, "Ile ya akina mama watatu na mbwa wa Zambia?" Zamani maneno hayo yaliniudhi. Siku hizi nayatumia mwenyewe ninapoagiza mtungi wa gesi, tena kwa sauti, kwa sababu nyumba ile tuliijenga sisi watatu, na mwanaume pekee aliyetia mkono ni fundi, naye tulimlipa.

Majirani walitabiri kwamba tutagombana kabla bati halijapanda. Marafiki ni wa kuazimana khanga, walisema, si wa kujenga pamoja. Haya, bati limepanda, dari imewekwa, na mpaka leo tukigombana ni juu ya nani kamaliza maji ya moto. Tunduma asubuhi ni baridi, na maji ya moto ni jambo la kugombaniwa.

Mimi ni mtu wa Isansa, nina kibanda cha vyombo sokoni: masufuria, chupa za chai, ndoo. Mwenzangu mmoja ni mshonaji, katoka Ikinga kwenye milima ya Ileje, mtu wa kanisa ambaye hatii hata karanga mdomoni bila kuomba. Mwingine ni Mwislamu wa Msangano, mtoto wa wafugaji waliohamia Momba na ng'ombe wao, na anauza mchele hapa mpakani. Kibemba chake cha biashara ni kibovu mno, lakini wateja wa Zambia wanampenda hivyo hivyo, wanacheka na kununua.

Kilichotuunganisha ni chai ya asubuhi. Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na chumba chake, na kila alfajiri majiko matatu ya mkaa yaliwaka kwenye korido moja ili kuchemsha vikombe vitatu vya maji. Asubuhi moja yule wa Ikinga aliliondoa sufuria lake jikoni akasema, "Jamani, huu ni upuuzi. Leo napika mimi. Kesho wewe, keshokutwa wewe." Hatujarudi nyuma tangu hapo. Mwenye zamu hasaidiwi wala hafundishwi. Wengine wanakula walichopewa, wanashukuru, wanaosha vyombo. Mgeni hana zamu. Mgeni anakaa, anaandaliwa, anaondoka akitusifu mpaka kwao. Sheria hiyo ya mgeni ndiyo tuliyojivunia kuliko zote.

Na mjue kwamba tunakula. Zamu ya Msangano ni vitumbua vya mchele wa kwao, uliolowekwa tangu jana, pamoja na maziwa mgando mazito ya kukata kwa kijiko. Zamu ya Ikinga ni magimbi au ndizi za kuchemsha na karanga za kusaga, na chai ya tangawizi inayoamsha mpaka dhambi. Zamu yangu ni kahawa. Kwetu Isansa tunalima kahawa halafu tunakunywa chai ya majani. Nimeichuma kahawa tangu sijui kufunga kamba za viatu, lakini kikombe changu cha kwanza nilikinywa nikiwa mtu mzima, hapa mjini, nikawaonea wivu watu wote walioinywa kabla yangu. Sasa nakaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma, nasaga kwa kinu, na harufu ikishavuka ukuta majirani wanaanza kuja kuomba chumvi. Chumvi yenyewe hawaondoki nayo.

Wanyama walikuja baadaye. Paka aliletwa kutoka Ikinga ndani ya kikapu cha magimbi, akatoka amekasirika, na hajatusamehe mpaka leo. Mbwa aliachwa kwenye foleni ya malori. Lori alilokuja nalo lilisogea, likavuka, likaenda zake, yeye akabaki anakimbia kila gari akinusa matairi. Wa Msangano ndiye aliyemleta nyumbani, akaweka na masharti: mbwa asiingie ndani, bakuli lake liwe la peke yake, na kibanda chake kijengwe nyuma ya jiko. Tukamwita kwa Kiswahili, hakugeuka. Tukampigia miluzi, wapi. Mwisho yule muuza mchele akamwita kwa Kibemba, "Isa kuno!" na mbwa akaja mbio, mkia unamtikisa mwili mzima. Kumbe alikuwa anatungoja tuseme lugha ya watu. Basi watu wazima watatu tukajifunza Kibemba cha mbwa. Jina lake silitaji, kwa sababu tulimpa la mwenye nyumba wetu wa zamani.

Hiyo ndiyo nyumba nilikomleta mama yangu.

Mama alikuwa akiishi peke yake Isansa tangu baba afariki. Kaka yangu yuko huko huko, lakini nyumba yake ni mbali na ya mama. Mwaka jana, mvua zikiwa bado zinanyesha, presha ilimwangusha mama katikati ya mibuni. Alilala pale kwenye matope mpaka jirani aliyekuwa akitafuta mbuzi wake akamwona. Mbuzi asingepotea, sijui. Daktari akasema dawa kila siku, kupimwa mara kwa mara, na asiishi tena peke yake. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, akae kwangu moja kwa moja. Mama alikubali kuja "mpaka nipate nguvu", na neno hilo lilinitisha, maana mama yangu nguvu huzipata upesi.

Alipoingia getini alimtazama mbwa, mbwa akamtazama yeye.

"Na hili nalo linakula?" akauliza.

"Anakula, mama," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Wenzangu walimpokea kwa heshima ambayo sijaiona hata kwenye posa. Shikamoo za magoti mpaka chini. Wa Ikinga alimshonea gauni kabla mgeni hajafungua begi. Wa Msangano alimpa kiti chake, kile kinachopata jua la asubuhi. Mama akishika ufagio, ananyang'anywa: "Mama, pumzika." Akisogea jikoni, anarudishwa sebuleni: "Mama, sisi tupo kwa kazi gani?" Akiinua kikombe chake akakioshe, mikono mitatu inakifuata. Nilikuwa natembea sokoni kifua mbele. Niliwaambia wenye vibanda wote kwamba mama yangu, aliyelima maisha yake yote, sasa anakula vitumbua amekaa juani na paka miguuni.

Ila mama alikuwa anapungua maneno. Kwanza aliacha kutucheka tulivyomwita mbwa. Kisha akawa anakula kidogo, anasema "nimeshiba, asanteni," kama mtu aliye kwenye nyumba ya mkwe. Mahindi shambani yalikomaa, kahawa zikaanza kuwa nyekundu, na asubuhi moja nikakuta begi lake limefungwa, limesimama karibu na mlango.

"Kahawa zinaiva," akasema. "Nirudi nyumbani."

"Mama, daktari alisema nini?"

"Daktari hachumi kahawa."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nilijua ni mbwa. Kwetu mbwa ni wa kulinda mahindi dhidi ya nyani, si wa kujengewa nyumba na kuitwa kwa lugha ya kigeni, na mama alishasema zaidi ya mara moja kwamba mji huu umetugeuza akili. Nikawaambia wenzangu. Hawakubishana. Yule wa Msangano, aliyemwokota mbwa mwenyewe, akajifuta pua kwa mtandio.

"Kaka zangu wanahitaji mbwa wa kulinda ng'ombe," akasema. "Nitampeleka. Mbwa tutapata mwingine. Mama wa kwako hatumpati mwingine."

Sijui niseme nini juu ya marafiki wa namna hii. Nitasema tu kwamba nina bahati, na kwamba wale waliotutabiria ugomvi wakisoma hapa wajue.

Asubuhi iliyofuata akamfunga mbwa kamba. Mbwa akadhani ni matembezi, akafurahi, na furaha yake ikatuumiza zaidi. Tulikuwa tumefika getini mama alipotoka na khanga yake begani.

"Mnampeleka wapi huyo?"

"Msangano, mama," nikasema. "Tunajua anakukera. Hatutaki uondoke kwa ajili yake."

Mama alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema neno moja kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, neno la kumwita mtoto mdogo, na yule mbwa wa Kibemba akachomoa kamba mkononi mwa mwenzangu akaenda kukaa miguuni pa mama, anamnusa vidole.

"Nani kawaambia ananikera?" akasema mama. "Kila alfajiri mkiwa mmelala namsongea kaugali kwenye lile sufuria bovu mlilolitupa nyuma. Anakula wote. Humu ndani ni yeye peke yake anayekubali chakula changu."

Mwenzangu wa Msangano akaiokota kamba.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akaendelea. "Mimi nimekaa hapa tangu mahindi yako magotini mpaka yamekauka, sijapewa hata mwiko. Mnanipigia magoti, mnanipa kiti, mnanichukulia kikombe. Asanteni. Lakini mtu asiyepewa kazi anaambiwa kwa adabu kwamba hapa si kwake. Nami nimesikia, ndiyo maana nimefunga begi."

Methali ile tunaijua sote. Watoto wa shule ya msingi wanaijua. Na sisi, watu wazima wenye akili zetu, tuliofundishwa kila mmoja kwao kwamba mzazi haguswi na kazi, tulimheshimu mama mpaka tukamfanya mgeni wa kudumu.

Aliyezinduka wa kwanza ni wa Msangano.

"Mama," akasema, "kesho ilikuwa zamu yangu. Ni yako. Na kwa sheria za nyumba hii, hatukusaidii na hatukufundishi."

"Mnifundishe nini?" akasema mama, akaingia ndani kutafuta mwiko.

Kesho yake tulilala, au tulijifanya tumelala, tukisikiliza mifuniko ikigongana jikoni. Yule wa Ikinga alinong'ona ukutani kama anaweza kwenda kuwasha jiko tu, jiko peke yake, tukamkataza. Mama alitupikia viazi vitamu vilivyopondwa na maharage, akamwagia karanga juu, na pembeni akaweka maboga. Kisha akaleta kahawa. Alikuwa ameikaanga upya, kidogo kuliko ninavyokaanga mimi, na alipoiweka mbele yangu alisema mbele za watu, "Wewe binti yangu huwa unaiunguza. Nimevumilia muda mrefu." Wenzangu walicheka mpaka paka akaondoka. Nilikunywa. Alisema kweli, na mimi ndiye niliyekuwa najigamba mtaa mzima.

Tangu hapo zamu zikawa nne. Mama alikuwa mkali kwenye zamu yake. Ukichelewa kukaa, chakula kinapita. Ukibakiza, anauliza kama unaumwa. Dawa zake aliziweka kwenye rafu ya jikoni, karibu na majani ya chai, akawa anazimeza kabla hajawasha jiko bila mtu kumkumbusha, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kuwahi. Mbwa alihamisha utii wake wote. Tukimwita kwa Kibemba anageuza kichwa kumtazama mama kwanza, kama anaomba ruhusa. Ila lile begi bado lilikuwa karibu na mlango. Hakuna aliyethubutu kulisogeza, na mimi nilikuwa nikilipita kila nikitoka kwenda sokoni.

Kaka alipiga simu asubuhi, siku ya zamu ya mama. Mama alikuwa jikoni, amejaa unga mpaka viwikoni, kwa hiyo nikashika simu nikaweka sauti ya juu.

"Mama, shikamoo. Kahawa zimeiva kabisa huku. Nije kukuchukua lini?"

Mshonaji aliacha kukata uzi. Muuza mchele alikuwa mlangoni na gunia lake, akalishusha polepole. Nilitazama mikono ya mama ndani ya beseni la unga, nikaona haijasimama.

"Marahaba, baba," akasema. "Kahawa chumeni wenyewe, mnajua kuchuma. Kuku wangu gawaneni. Jogoo mpelekeeni mchungaji."

"Kuku wote, mama?"

"Wote. Mtu hafugi kuku nyumba mbili."

Nikainama zaidi kusikiliza, mpaka mama akaniambia nishike simu vizuri, inakaribia kuingia kwenye unga. Kisha kaka akauliza, taratibu, kama alete na godoro la mama.

"Lete," akasema mama. "Na uje asubuhi, ukute chai."