Benchi la Waliotengwa

Evelina alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Mwaka ule wa 1996 aliyemnyima raha ni Ng'washi, muuza mapanki wa mtaa wa Igogo; mapanki ni ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishasafirishwa Ulaya.

Kanisani kwao aliyetengwa hukaa benchi la nyuma kabisa. Haimbi kwaya wala hashiriki Meza ya Bwana mpaka atubu. Tereza alikuwa na sababu ya kukaa pale: kiwanda cha nguo kilipompunguza kazini, alifungua kilabu cha pombe ili wanawe wale. Lakini Ng'washi? Sauti ya kwanza ya kwaya, mtu asiyejua hata harufu ya pombe, miezi minne yuko ubavuni mwa Tereza!

Evelina akachunguza. Alihoji majirani wote, hata akamkumbatia Ng'washi ili apate kumnusa. Alinuka samaki tu.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, mzee wa kanisa, Shigela, alimsimamisha Ng'washi mbele ya watu.

"Mama, kwaya imealikwa Magu. Rudi mbele, la sivyo nafasi yako tunampa Rose. Kwani umetenda dhambi gani?"

"Nyingi, mzee. Ila hamjanitenga kwa hata moja. Nimekaa na rafiki yangu."

"Rafiki yako kwanza afunge kilabu, atubu."

"Namwombea hilo kila siku. Lakini Bwana Yesu alikula na watu hata kabla hawajatubu."

Shigela alikohoa, na nafasi akapewa Rose. Ng'washi, ambaye kwake kuimba kulikuwa chakula, alilia waziwazi bila aibu. Kisha akajifuta kwa khanga, akarudi nyuma kwenye benchi.

Hapo Evelina akashindwa kuvumilia. Kesho yake mchana alijitanda ushungi mpaka machoni, akaingia kilabuni.

"Dada Tereza, umemlisha nini yule mama?"

Tereza aliendelea kusuuza vikombe.

"Siku niliyotengwa niliapa sitakanyaga tena kanisani. Ng'washi akaniambia, 'Jumapili nitakuwa kwenye lile benchi, uje usije.' Nikadhani utani. Sasa kila Jumapili naamka nikitaka kubaki kitandani, halafu nakumbuka yuko kule nyuma, amekaa peke yake, watu wanamgeukia. Naoga, naenda."