Mpaka wa Meza Mbili

Kwenye ukumbi wa mikutano wa Kigobe kazi yangu ilikuwa chai tu. Wiki ile walikuja polisi na maafisa wa mipakani kujifunza namna ya kuwatambua wanaouza binadamu nje ya nchi. Mwalimu wao akaniomba niigize msichana anayevushwa. Nilikubali haraka. Tangu utoto nataka kuigiza, nilishajiona kwenye televisheni nimepakwa poda.

Mama mpishi akawa shangazi wa uongo. Meza mbili zikawa mpaka.

"Usiseme kitu mpaka uulizwe wewe," mwalimu aliniambia. "Wakikuuliza unakwenda wapi, sema hujui."

Dada yangu mkubwa alivuka hivyo hivyo, na mwanamke aliyemwita shangazi, kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Alipiga simu mara moja, akasema amefika. Tangu hapo kimya. Nyumbani, mtaani Nyakabiga, mama huuliza jambo moja tu: pale mpakani hakuna aliyemwona? Sikumwambia mwalimu. Nilitaka nione mwenyewe inavyokuwa.

Afisa wa kwanza alikuwa baba wa makamo, mcheshi.

"Mama, uyu ni mutoto yako?"

"Wa kaka yangu, afande. Tunaenda arusi."

"Na zawadi ya arusi iko wapi?"

"Zawadi ni mi mwenyewe."

Watu wakacheka. Mimi nilisimama nyuma yake, macho chini, mikono nimeikutanisha mbele, kama tulivyofundishwa kusimama mkubwa anapoongea. Afisa akanitazama vizuri, kisha akamrudishia mpishi karatasi zangu.

"Mutoto ana adabu. Mumemulea vizuri. Mupite."

Tukapita. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilikuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya jino, upo lakini hausikii kitu.

Mwalimu akamuuliza afisa kwa nini amenipitisha.

"Si ametulia? Angejibu mbele ya shangazi yake, hapo ningeshituka."

Wengi wakakubali kwa kichwa. Hata mimi ningesema hivyo. Na dada yangu alinishinda kwa adabu.

Tukarudia. Sasa alikuwa afisa mwanamke. Akamwomba mpishi akae kwenye benchi la mbali.

"Uyu haongeaka na watu, afande. Ana haya."

"Apana shida, mama. Nitamungojea."

Akavuta kiti, akakaa chini kuliko mimi, hata macho yangu yaliyoinama yakakutana na uso wake.

"Dada, unaenda wapi?"

Sikujibu. Akangoja. Nyuma mtu akakohoa, yeye bado anangoja.

"Sijui," nikasema. Sikuwa naigiza tena.

Wakapiga makofi. Nikaenda kuosha vikombe.

Jioni nyumbani nilimkuta mama akichambua maharage. Nikamwambia, "Mama, nafikiri pale mpakani walimwona dada. Walimwona ana adabu."

Hakuinua uso. Akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Mi ndiye nilimufundisha," akasema.

Nikakaa karibu yake, tukaendelea kuchambua.